Kura yangu ya kocha wa besiboli

Hili sijamwambia mtu kwa mdomo wangu: leo nimemwangusha kaka yangu kwa kura moja.

Timu ya besiboli ya chuo ilikuwa inachagua kocha mpya. Mimi nimemaliza sekondari juzi tu, ila wananichezesha kwa sababu tuko wachache.

Mnajua tunavyopiga kura huku. Wagombea wanaangalia ukuta, sisi tunajipanga nyuma ya yule tunayemtaka. Hesabu ikiisha tunatawanyika, ndipo wao wanageuka. Hivyo hakuna kinyongo.

Upande mmoja kaka Eriki. Upande wa pili Maman Neema, aliyevuka mpaka kutoka Bukavu, Kongo, wakati wa vita. Kule alifundisha mchezo huu shuleni.

Saba kwa saba.

Nilibaki mimi, nimeinama, nafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Kaka ndiye aliyenifundisha kurusha. Lakini nikidondosha mpira ananigombeza mbele ya wote, mpaka naomba mpira usije kwangu. Maman Neema husema tu, "Rudia, mwanangu."

Nikaenda nyuma ya Maman Neema.

Tukirudi nyumbani Mururu, kaka akanibebea mfuko.

"Mudogo yangu, hata kama batu balinikatala, weye ulikuwa nyuma yangu. Nilisikia miguu yako."

Nikasema, "Ndiyo, kaka."

Ninyi mngemjibu nini?

Mliokuwa uwanjani mliniona. Nitamwambia mwenyewe nikipata ujasiri. Tafadhali, asilisikie kwenu kwanza.