Shimo Lililochimbwa Siku Saba

Udongo mweusi wa Homa Bay ukinyeshewa hutoa harufu ambayo sijaikuta kwingine, harufu ya chuma kilicholowa na majani yaliyooza, na ukiukanyaga hukuvua kiatu bila kukuuliza. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza rula nzima. Mvua ikija hufura, huteleza, na nguzo za ua huanza kuinama kama watu wanaosinzia kanisani. Katika miaka ya tisini, nilipokuwa darasa la saba katika shule moja ya msingi ya umma pale mjini, tulikuwa gwarideni asubuhi moja ya masika tukiimba wimbo wa taifa, tukasikia mshindo mzito nyuma ya madarasa. Choo cha wasichana kilikuwa kimezama, kuta, mabati na vyote. Namshukuru Mungu hadi leo kwamba sote tulikuwa mstarini.

Siku mbili baadaye afisa wa afya alikuja kwa baiskeli, akazunguka lile shimo akitikisa kichwa, akampa mwalimu mkuu wiki mbili: choo kipya kiwe tayari, la sivyo shule ifungwe. Wenzangu wengine walishangilia wakidhani ni likizo. Mimi nilikwenda kulia nyuma ya jiko. Mama, aliyekuwa akikaanga samaki wa kuuza sokoni, alikuwa ameniambia wazi kwamba shule ikifungwa nitakwenda kwa nyanya, bonde la Lambwe, nimsaidie shambani hadi mambo yatengenee. Binamu yangu alikuwa amepelekwa huko "kwa muhula mmoja tu", na hakuonekana darasani tena.

Siku zile serikali ilituletea walimu. Madarasa, madawati na vyoo vilikuwa juu ya wazazi. Mkutano ukaitwa chini ya paa la darasa la nane, nasi watoto tukabanana madirishani. Walikubaliana haraka kwamba watachimba wenyewe. Kilichowashinda ni siku ya kuchimba. Waadventista walisema Jumamosi hawashiki jembe. Wakatoliki wakasema Jumapili ni ya misa. Wafanyabiashara Waislamu wakasema Ijumaa adhuhuri wako msikitini, na wachuuzi wa samaki wakasema siku za soko wasitegemewe. Sauti zilipanda. Ndipo akasimama baba yake Mwanaisha, rafiki yangu wa dawati moja, mzee mpole kutoka pwani aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Akacheka kwanza, kisha akasema, "Alhamdulillahi! Basi jamani, hakuna siku shimo litalala bure."

Ikawa hivyo. Jumamosi walichimba Wakatoliki, Jumapili Waadventista, na siku za katikati walikuja wengine kwa zamu, kila kundi likianzia pale lenzake lilipoachia. Mama alifika alasiri na karai lake la kubebea udongo, mikono ikinuka mafuta ya samaki. Akina mama wawili waliokuwa hawasalimiani sokoni niliwaona wakipokezana karai moja. Sijui kama waliendelea kusalimiana baadaye, lakini siku ile walisalimiana.

Mtu mmoja tu hakufika, naye alikuwa baba yangu. Baba alikuwa fundi wa mawe. Darasani hakupita la tatu, lakini alijua kujengea visima na mashimo katika udongo ule kama mtu anavyojua tabia za mke wake. Miaka miwili kabla ya hapo, choo hicho kilichozama kilipokuwa kikipangwa, alisimama mkutanoni aseme jambo. Mwalimu mkuu alimkatiza mbele ya watu: "Fundi Odero, kaa chini kwanza. Wacha wazazi waliosoma waongee." Baba alikaa. Mkutano ulipokwisha alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakukanyaga shuleni. Ripoti zangu alisomewa na mama. Mimi, kwa akili ya mtoto, niliamini kwamba masomo yangu hayamhusu.

Ilipofika Alhamisi ya wiki ya pili shimo lilikuwa limempita mtu kimo. Mchana huo upande mmoja wa ukuta uliteremka wote kwa mpigo, ukamfunika mzazi mmoja hadi mapajani. Walimvuta kwa kamba, akatoka mzima, bila viatu. Lakini hofu ikawaingia, na hakuna aliyetaka kushuka tena. Kila mtu alijua ni nani angeweza kuushika ule udongo, na hakuna aliyekuwa na uso wa kwenda kumwita.

Jioni, tukila, mama alimweleza baba yote. Baba akamega ugali, akasema, "Waite waliosoma."

Mama aliweka bakuli chini, akamwita kwa jina langu. "Baba Awuor, ugomvi wako ni na mwalimu. Shimo ni la watoto. Huyu hapa ndiye atakwenda Lambwe, si mwalimu."

Baba alinitazama muda mrefu, nami nikatazama mboga. Alipomaliza kunawa mikono alisema tu, "Kesho niamsheni mapema."

Tulipofika shuleni asubuhi alikuwa ameshashuka shimoni. Mwalimu mkuu alitoka ofisini na tai yake shingoni, akasimama ukingoni. Baba aliinua kichwa. "Mwalimu, mimi nataka mawe. Makubwa." Mwalimu mkuu alivua koti, akaenda kwenye rundo la mawe yaliyoteremshwa kutoka mlima Asego, akarudi na jiwe kifuani. "Hilo ni dogo," baba akasema. Mwalimu mkuu akalirudisha, akabeba jingine lililomfanya atembee kama bata. Siku nzima walifanya kazi hivyo, mmoja chini, mmoja juu, na maneno yao yote yalikuwa juu ya mawe. Walipanga mawe kuzunguka kuta kutoka chini hadi juu. Baba yake Mwanaisha alileta saruji na mabati, na hadi Jumatatu jioni choo kilikuwa kimesimama. Afisa wa afya alimulika tochi ndani, akagonga mawe kwa fimbo, akatia sahihi.

Kwenye mkutano wa kuwashukuru wazazi baba alikaa nyuma kabisa. Mwalimu mkuu alisema, "Mwaka juzi nilimwambia mzazi mmoja akae chini. Alitaka kutueleza kwamba shimo lisilojengewa mawe halidumu hapa. Nilimkosea. Leo namwomba asimame." Baba alisimama polepole, kofia mkononi. "Mimi sina la kuongeza," akasema. "Nililotaka kusema, nimeshalijenga." Watu walipiga makofi hadi kuku wakakimbia uani. Muhula ule ripoti yangu aliichukua yeye mwenyewe, akaishika kwa mikono miwili, akaniambia nimsomee neno moja moja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wazazi wangu waliujenga. Sikwenda Lambwe. Nilifanya mtihani wa darasa la nane, nikaendelea, na sasa ni mhasibu mjini Migori. Watoto wangu wanasoma shule ya umma yenye vyoo vya vigae vilivyojengwa na mkandarasi ambaye hakuna mzazi anayejua jina lake. Nashukuru, sitamani mtoto yeyote asome kando ya shimo linalotitia. Lakini wazazi tunaonana zaidi kwenye simu kuliko ana kwa ana, na wengi huwashusha watoto langoni bila kuzima injini. Muhula uliopita tulitumiwa ujumbe tukapande miti shuleni. Wazazi zaidi ya hamsini walijibu kwa alama ya kidole gumba. Nilipofika na jembe langu nilikuta tuko wanne, mmoja wetu akiwa ni mwendesha boda boda aliyeanza kutuonyesha mahali maji hutuama. Tuliacha tulichokuwa tukifanya, tukamsikiliza hadi akamaliza, kisha tukaanza kuchimba.