Ukuta Nyuma ya Shuka

Ko. Ko. Ko. Kimya kidogo, kama mtu aliyebisha hodi anasubiri kuitikiwa. Kisha tena: ko, ko, bo.

Hiyo "bo" ndiyo anayoitafuta, na ndiyo inayomkata maini. Ndani ya chumba kilichojaa vumbi, mwanaume mwenye mabega mapana ameweka sikio ukutani. Anagonga kwa mpini wa nyundo, akishuka taratibu kutoka usawa wa dirisha. Juu, ukuta unaitika kwa sauti kavu. Chini, hasa pale kitanda kilipokuwa, unaitika kama debe tupu.

"Hapa napo pameachia," anasema, sikio likiwa bado ukutani.

Anachomeka tindo kwenye ufa na kupiga mara moja. Kipande cha plasta kikubwa kama sinia kinabanduka na kuvunjikia miguuni pake. Nyuma yake udongo ni mweusi, umelowa, unanuka kama kisima kilichofunikwa siku nyingi.

Mtaani wanamwita Laini. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu ukuta uliopitiwa na mwiko wake unaweza kuulalia kwa shavu usikwaruzike. Amepiga plasta madarasa, maduka, zahanati na nyumba za watu ambao leo wakikutana naye njiani hawamsalimii. Siku zake za kupumzika zote anazimalizia hapa, katika nyumba aliyozaliwa, akibomoa kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe.

Nyumba ni vyumba viwili na sebule ambayo wageni wakizidi watatu mmoja hukaa mlangoni. Baba yake aliisimamisha kwa miti na fito. Mama yake akaikandika. Kila mwaka, mvua zikipita, mama alichanganya udongo na majivu na majani makavu, akaukanyaga kwa miguu hadi ukalainika, akazipapasa kuta zote kwa viganja.

"Ukitaka kujua kimo cha mama yangu, angalia alama za vidole zinapoishia," Laini anasema, akionyesha ukuta wa nyuma ambao haukuwahi kupakwa saruji. "Juu ya hapo alipapasa baba."

Baba akafariki, mama akabaki na nyumba. Siku moja Laini, wakati huo ndiyo kwanza jina lake linaanza kusikika kazini, alifika na kumkuta mama yake amepiga magoti uani, udongo umemfika hadi kwenye nyusi.

"Niliona haya," anasema. "Nikajiambia, mimi nawapigia watu saruji, mama yangu anapaka tope? Watu watanionaje? Nikamnyang'anya ndoo. Nikamwambia, mama, kuanzia leo hugusi udongo."

Mama hakubisha. Ukweli ni kwamba alifurahi kuliko mwanawe. Laini alipigilia wavu wa kuku kwenye kuta ili saruji ipate pa kushikia, naye mama akawa anamchotea maji huku akimsifu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Plasta ilipokauka, aliwaita majirani waje waiguse. Jirani mmoja alipouliza kama anaweza kuegemea, alijibiwa, "Egemea, lakini usiniachie jasho."

Kosa lilikuwa limeshafanyika, na lilikuwa linapendeza macho.

Ukuta wa udongo hunywa unyevu wa ardhini na kuutoa hewani. Saruji iliuziba pumzi. Mwaka hadi mwaka maji yalipanda kutoka chini, yakakosa njia ya kutokea, yakabaki ndani yakiozesha miti. Mchwa wakafuata.

"Ni kama nilimvalisha mtu koti la mvua wakati anatokwa na jasho," Laini anasema, "nikamfunga vifungo hadi shingoni. Kisha nikasimama mbali nikamwambia, umependeza."

Mwaka jana mama alianza kukohoa kikohozi kisichosikia dawa. Muuguzi alimuuliza analala mahali pa namna gani, naye akajibu kwa fahari kwamba analala kwenye nyumba ya saruji. Hata hivyo binti yake mkubwa alimchukua akae kwake hadi apate nafuu. Laini akaona hiyo ndiyo nafasi ya kupaka rangi chumba cha mama, arudi akute kinang'aa.

Hapo ndipo alipolikuta shuka.

Lilikuwa shuka la bluu, limepigiliwa kutoka kona hadi kona nyuma ya kitanda, na juu yake kalenda za miaka iliyopita. Alidhani ni pambo. Alipolishusha, plasta ilikuwa imevimba kama tumbo, imepasuka, imeota ukungu. Nyufa zilikuwa zimezibwa kwa magazeti yaliyobandikwa kwa uji, tabaka juu ya tabaka. Na sakafuni kulikuwa na alama za miguu ya kitanda, zikifuatana kutoka ukutani: kila msimu wa mvua mama alikuwa amekisogeza kidogo, hadi kikafika katikati ya chumba.

"Nilikuwa nakuja mara kwa mara," anasema, akifuta vumbi machoni kwa mkono ambao nao umejaa vumbi. "Nakaa sebuleni, napewa chai, naangalia plasta yangu. Moyoni nasema, kazi ndiyo hii. Chumbani sikuingia. Mtu mzima utaingiaje chumbani kwa mama yako? Yeye alijua hilo. Akalificha doa mahali ambapo sitafika, ili nisione aibu."

Wapo watakaosema ni kibanda cha tope, kivunjwe, habari iishe. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na pa kulala. Mama huyu hana kwingine anakokuita "kwangu", na mwanawe mshahara wake ni kibarua cha kutwa: siku ambayo hakuna ukuta wa mtu wa kupiga plasta, hakuna sufuria jikoni. Na mvua ziko njiani. Paa la chumba cha mama limekaa juu ya ukuta huu. Ukuta ukienda, nyumba imekwenda, na mama hatarudi tena.

Adhuhuri seremala wa jirani anaingia bila hodi, penseli sikioni.

"Tulikuita Laini," anasema, akiangalia kuta zilizochubuka. "Sasa tukuite Mikwaruzo."

"Niite utakavyo, ila niangalizie nguzo ya kona."

Seremala anachuchumaa, anachomeka bisibisi kwenye nguzo. Inazama hadi kwenye mpini. Mzaha unamtoka usoni.

"Ndugu yangu, hili ni ganda. Mti ulishaondoka zamani. Ukiendelea kubandua, paa litashuka kukusalimia."

"Nisipobandua?"

"Linaendelea kuoza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Mimi natengeneza viti."

Wanakubaliana kuegemeza boriti chini ya paa kwanza. Seremala anazo mbili karakana kwake. Wanazibeba begani, wanazikaza chini ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, Laini anagonga kabari kwa uangalifu wa mtu anayefunga jeraha. Wanapomaliza, wanatoka nje kunywa maji.

Ukuta hauanguki kwa kishindo. Unakaa chini, kama mtu aliyechoka kusimama kwenye foleni. Unasikika mkoromo, kisha mporomoko mzito wa tope, kisha vumbi kidogo kuliko mtu angetarajia, maana udongo wenyewe ni majimaji. Wakirudi ndani, nusu ya ukuta wa mama iko sakafuni. Boriti zimelishika paa. Kupitia tundu inaonekana barabara, na kuku wawili wamesimama wakichungulia kama majirani.

"Angalau umepata dirisha," seremala anasema. Halafu anamwangalia mwenzake. Anavua kofia. "Nisamehe. Mdomo wangu huu."

Laini ameketi juu ya rundo la udongo. Mgongo uliobeba mifuko ya saruji ya mji mzima umepinda.

"Kila nikienda kwa dada mama ananiuliza nyumba imefikia wapi," anasema. "Kila siku namjibu imebaki rangi tu."

Anainuka, anachota udongo, anautia kwenye mfuko wa plastiki.

Kwa dada yake ni chumba cha kupanga, kamba za nguo zikikatiza dirisha. Mama amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Ni mdogo kuliko alama zake za vidole zinavyoonyesha. Kando yake kuna mzigo wa nguo umefungwa.

"Kila asubuhi anafunga," dada ananong'ona mlangoni. "Jioni naufungua nampa nguo ya kulalia. Mdogo wangu, mwambie kitu cha kueleweka. Mimi nimechoka kufungua ule mzigo."

Laini anamwamkia mama yake, anaketi chini mbele yake.

"Marahaba, mwanangu. Imebaki rangi?"

Laini anafungua mfuko na kumwekea mama udongo kiganjani. Mama anaufinya, anausugua kwa kidole gumba, anaunusa. Kikohozi kinamkamata, kinamwachia.

"Huu ni wa chumbani kwangu."

"Ndiyo, mama. Ukuta umekaa chini leo. Umeoza. Ni ile plasta yangu. Na shuka nililiona, zamani. Sikukuambia."

Dada, aliyekuwa anakunja nguo, anasimama na shati mkononi.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" Laini anauliza. "Miaka yote hiyo."

"Ulikuwa unauangalia ule ukuta kama mtu anayemwangalia mwanawe wa kwanza," mama anasema. "Ningeanzia wapi?"

Anaendelea kuufinya ule udongo. Vidole vinafanya kazi yake vyenyewe, vinakanda.

"Hauna majani huu," anasema. "Na majivu yameisha nguvu. Utaweza kuukandika?"

"Sijawahi. Nilikuwa nakuona tu."

"Ukuta unakauka kwa wiki nyingi. Mvua hizo hapo."

"Najua."

"Basi hutawahi."

"Huenda nisiwahi, mama."

Ni mara ya kwanza kumwambia hivyo, na neno lenyewe linakaa chumbani kama mgeni ambaye hakuna aliyemwalika. Mama anaangalia mzigo wake wa nguo. Mpango wa mwanawe, kama unaweza kuitwa mpango, ni kuzungushia tundu turubai, kubadilisha nguzo ya kona, na kuanza kukandika kutoka chini, kiganja kwa kiganja, kwa udongo uleule. Hakuna anayejua kama paa litasubiri.

"Umeniahidi mengi," mama anasema. "Kabla ya baridi. Kabla shule hazijafungwa. Sitaki mwezi mwingine. Niahidi kitu unachokiweza."

Laini anafikiri. Kisha anaishika ile mikono yenye udongo, anaifumba ndani ya yake, na anasema kwa sauti, dada yake akisikia:

"Nakuahidi, mama, sitafunika tena. Udongo nitauacha wazi, na doa likitokea litaonekana. Nyumba ikisimama nitakuja kukuchukua. Ikianguka, nitakuja siku hiyohiyo, nikae hapahapa, nikuambie kwa mdomo wangu kwamba imeanguka."