Mstari wa Edinah Katikati ya Matangazo

Siku hizi mtu akitaka mstari kati ya safu mbili kwenye ukurasa wa mtandao, anaandika maneno mawili matatu, mstari unajichora, na bado utamsikia akilalamika ati kazi ni ngumu. Ngumu gani? Angekaa mahali pa Edinah Chepkurui, pale Chepilat, miaka ile ya tisini, ndipo angejua.

Edinah alikuwa karani wa kanisa. Kila Ijumaa alipiga matangazo kwa taipureta kwenye stensili, ile karatasi laini ya nta inayotobolewa na herufi, kisha akaipitisha kwenye mashine ya kurudufu, wino ukimpaka mpaka viwikoni. Ofisi ilinuka wino na chai ya maziwa. Zilikuwa siku nzuri zile, asikudanganye mtu. Jumapili ikifika, aliyesimama mbele kuyasoma matangazo ni babake, Mzee Jonah, mkulima wa majani chai aliyejifunza kusoma akiwa tayari na ndevu. Kidole kilitembea chini ya kila neno, na sauti yake iliwafikia hata wachelewaji waliokuwa bado barabarani. Hakuna kazi aliyoipenda kama hiyo.

Kisha karatasi zikaadimika, na Edinah akaona ujanja: agawe ukurasa mara mbili, arusi kushoto, misiba kulia. Katikati hakuchora kitu. Yeye aliona nafasi nyeupe inatosha. Babake hata hakuiona. Kidole kilianza kushoto kikaenda hadi kulia bila breki, kama kilivyozoea.

"Ndugu Kiplimo atafunga ndoa na marehemu Syprose Nyamwange," akasoma kwa sauti yake yote. "Kwaya itamsindikiza bibi arusi kaburini saa nane."

Kanisa lilicheka mpaka wanakwaya wakajifunika leso. Lakini Phelix Nyamwange, mume wa marehemu, alikuwa ameketi benchi ya pili. Na wakati huo Wakipsigis, watu wa Mzee Jonah, na Wakisii, watu wa Phelix, pale mpakani mwao walikuwa wametoka kwenye fujo za kikabila, ndiyo kwanza wanarudi kuabudu pamoja. Phelix alichukua kofia yake, akatoka. Kicheko kikakatika.

"Macho yangu yamekwisha," Mzee Jonah alisema nyumbani. "Nimemwaibisha mtu kwenye msiba wake."

"Baba, kosa ni langu. Ukurasa niliupanga vibaya."

"Usinibembeleze, mwanangu."

Jumapili iliyofuata alikaa benchi ya nyuma kabisa, karibu na mlango, matangazo yakasomwa na mwingine. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: hata Biblia ya nyumbani aliacha kuifungua. Edinah aliumia sana kumwona mzee mwenye sauti kama ile akikaa kimya kwa sababu ya ukurasa wake. Akaapa kwamba mstari utachorwa.

Sasa, kuchora mstari mrefu kwenye stensili si mchezo. Ukikandamiza, karatasi inapasuka juu hadi chini na kazi yote imeenda. Ukilegeza mkono, hautoki. Alijaribu kalamu ya bairo iliyokauka. Akajaribu msumari, akaharibu stensili mpaka mchungaji akaanza kuguna. Mwishowe alichukua eksirei ya mguu wa babake, ule aliouvunja akiteleza na kikapu cha majani, akaitandika chini ya stensili kwa kuwa ni ngumu na haina mikwaruzo. Akachora kwa sindano ya kufuma, vipande vifupi vifupi, akiacha nafasi kidogo kila mara ili karatasi ishikane. Mstari ukatoka, mwembamba na mweusi. Alimpelekea babake akitabasamu.

"Mpe mwingine asome," Mzee alisema, wala hakuugusa ukurasa.

Jumapili hiyo Phelix alikuwa amerudi, na shukrani zake za mazishi zilikuwa kwenye matangazo. Kabla msomaji hajainuka, Phelix aliichukua karatasi, akaenda nayo hadi benchi ya nyuma. Kanisa zima likageuka.

"Mzee Jonah, hapa kuna tangazo la mke wangu. Nataka ulisome wewe."

"Phelix, mimi ndiye niliyekuaibisha."

"Sikuaibika. Siku ile nilitoka ili watu wasinione nikicheka. Tangu Syprose aanze kuugua, nilikuwa sijacheka. Na yeye angekuwepo, angetushinda sote kwa kucheka."

Mzee Jonah akaipokea karatasi, akasimama. Kidole kikatembea, kikafika kwenye mstari, kikasita, kikarudi kushoto. Alizisoma arusi zote mpaka zikaisha. Ndipo akavuka upande wa pili, akamsoma Syprose Nyamwange peke yake, polepole, na Edinah akainamisha kichwa akalia.

Phelix akamwomba alirudie hilo jina, naye akalirudia.