Kandambili za Mama Uvungu

Wifi yangu wanamwita Mama Uvungu, na jina hilo nilimpa mimi. Wenzake pale kazini tunaosha boneti, milango na vioo, tunasifiwa na kupigiwa honi ya asante. Yeye anaosha chini ya magari. Analala chali kwenye kipande cha boksi, tochi kichwani, mswaki mkononi, anasugua mahali ambapo mwenye gari mwenyewe hajawahi kupaona tangu alinunue. Mimi ni mtu wa juu. Uvunguni siingii: kwanza mwili huu haupiti, pili nina akili zangu timamu.

Kabla hajaolewa na kaka yangu alikuwa anasafisha vyumba kwenye nyumba ya wageni. Mwenye nyumba ile alikuwa mama mmoja mkorofi kweli. Akija kukagua hatazami shuka wala mito. Anapiga magoti, anapitisha kidole sakafuni chini ya kitanda, halafu anakuinulia kile kidole bila kusema neno. Ndiko wifi alikoupatia ugonjwa wake. Mpaka leo akiingia nyumbani kwa mtu macho yake yanakwenda kwanza chini ya makochi. Nikimwambia hiyo ni tabia mbaya ananijibu, "Wifi, juu kila mtu anaona. Chini ndiko watu wanakodanganya."

Sasa, pale kwetu tuna sheria moja ambayo hakuna mtu wa kuivunja. Anayeingia chini ya gari anavua kandambili zake na kuzipanga kando ya gurudumu la mbele, upande wa dereva. Ukiona kandambili, ujue kuna mtu, na ufunguo wa gari hilo haushikwi. Msimamizi wetu, mzee wa kitambi na sauti ya ngoma, hutazama gurudumu kwanza ndipo atoe ufunguo msumarini. Asipoziona huita jina la mtu wa chini, kwa usalama tu. Akisikia kimya, basi, hakuna mtu.

Na kandambili za wifi unazijua kwa mbali. Za bluu, mkanda mmoja ulikatika akaufunga kwa waya. Kumwambia anunue nyingine ni kujitafutia maneno. Ila hatembei peku, hata hatua moja. Aliwahi kukanyaga kipande cha taa ya gari, wayo ukashonwa, na tangu hapo hata kutoka bafuni kwake kwenda chumbani lazima awe na kitu mguuni.

Wiki hiyo ninayoisema tulikuwa hatuongei. Chanzo kilikuwa utani. Tulikuwa tumekula kwake, nikainua sufuria, nikaigeuza mbele ya kaka na wanawe, nikasema, "Kaka, mkeo chini ya magari ya watu panang'aa kama sahani. Sasa hebu tazama chini ya sufuria yako!" Masizi matupu. Kaka alicheka mpaka chai ikampalia. Watoto wakacheka. Wifi hakucheka. Alinipokonya ile sufuria taratibu, akairudisha jikoni, na kuanzia hapo nikawa hewa. Namsalimia, kimya. Naomba taulo, ananirushia. Ebo! Kwani nilimtukana? Wifi na wifi wasipotaniana, wataniane akina nani? Na mimi nikanuna. Mimi si mtu wa kununiwa peke yangu.

Ndipo likaja lile gari la spoti. Jekundu, fupi, pana, limelala chini kiasi kwamba paka angeinama kupita. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa makamo aliyekuja na kitambaa chake mfukoni, kila mtu akiligusa gari anafuta alipogusa. Akatueleza kwamba gari linakwenda kwenye maonyesho, na huko litasimamishwa juu ya vioo ili watu waone chini yake. "Kwa hiyo chini nataka pawe kama juu," akasema. "Mtu akitazama kile kioo ajione yeye mwenyewe."

Nilimwona wifi akiyasikia maneno hayo. Alikuwa bado amenuna, lakini uso ulimbadilika. Miaka yote anasugua mahali pasipotazamwa na mtu, na leo watu watapanga mstari kutazama. Nilimfurahia sana moyoni, nikakaza uso.

Tulilipandisha gari juu ya matuta yetu ya chuma, kila gurudumu na tuta lake, yenye mteremko mbele na nyuma. Hapo chini pakapatikana nafasi ya mtu mwembamba kulala na kuinua mkono, si zaidi. Alivua kandambili, akazipanga gurudumuni, akatia pamba masikioni ili maji machafu yasimwingie, akateleza ndani. Nikawa nasikia kazi yake kutoka huku juu. Alifungua vifuniko vya plastiki vinavyofunika tumbo la gari, akapanga skrubu kwenye ubao kwa jinsi zilivyotoka. Tope aliliondoa kwa maji, lami kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kisha ikaja miswaki, mkubwa wa mabomba na mdogo wa vichwa vya nati. Kusema kweli, mswaki wake ukishaanza kwenda vile, hata ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza ni chumba gani.

Akaja mpiga picha, rafiki wa mwenye gari. Alizunguka, akachuchumaa, akafumba jicho moja. Rimu zilikuwa zinameta, nilizing'arisha kwa mikono yangu hii. Na kando ya rimu, kwenye kioo cha kamera yake, jozi ya kandambili za bluu zenye waya. Haya alituambia mwenyewe baadaye. Aliona ni takataka. Hakumuuliza mtu. Alizinyanyua kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya, akaziweka nyuma ya pipa la maji, akapiga picha zake. Halafu akamwendea mwenye gari aliyekuwa ameketi ofisini na soda yake, akamwambia mwanga wa getini ni mzuri, litolewe kidogo tu, picha mbili, lirudi.

Mwenye gari akaomba ufunguo. Msimamizi akatoka, akatazama gurudumu la mbele. Sakafu tupu. Akaita, "Mama Uvungu!"

Kimya. Wakati huo mswaki nao ulikuwa umetulia, maana alishafikia hatua ya kufuta kwa kitambaa laini, na kitambaa hakina sauti.

"Wifi yako katoka?" akaniuliza.

"Mimi mlinzi wake? Muulize mwenyewe."

"Nimemwita haitiki."

"Basi tumefanana, na mimi haniitikii."

Akacheka. Aliujua ugomvi wetu, kila mtu pale aliujua, na kimya cha wifi wiki hiyo kilikuwa hakina maana tena kwa mtu yeyote. Akaita mara ya pili, akatazama huku na huku uani, akautoa ufunguo msumarini. "Polepole bosi," akasema, "hayo matuta yanateleza."

Mimi nikachukua ndoo yangu, maji yalishakuwa tope, nikaenda pipani kubadilisha. Nainama kumwaga, macho yakaangukia kitu cha bluu nyuma ya pipa. Waya ule.

Sikuelewa papo hapo. Nilifikiri kwanza, huyu naye, kavulia huku leo? Halafu nikajiuliza, kavulia huku, kaenda wapi? Uani kuna vipande vya vioo, kuna kokoto. Huyu mwanamke hatembei peku. Kandambili ziko hapa na miguu haipo hapa.

Nyuma yangu injini ikaunguruma.

Magari yale hayawaki, yanafoka. Nilipiga kelele, "Zima! Zima kuna mtu!" na sauti yangu, ambayo kaka husema inafika mtaa wa pili, sikuisikia hata mimi. Ndani ya kile kishindo kulikuwa na mlio mwingine, ko ko ko, mdogo, wa haraka. Alikuwa ni wifi, anagonga tumbo la gari kwa mpini wa mswaki. Mwenye gari naye aliusikia. Unajua alifanya nini? Alidhani injini yake inagonga, akakanyaga mafuta zaidi ili asikilize vizuri!

Nikakimbia. Mwili huu haujawahi kukimbia vile. Msimamizi alikuwa ameshanipa mgongo anarudi ofisini, mpiga picha yuko getini ameinua kamera, na gari likaanza kusogea. Gurudumu la mbele lilikuwa limefika ukingoni mwa tuta, mpira umeanza kuinamia mteremko. Likishuka hapo, tumbo linashuka nalo, na chini ya tumbo yuko mke wa kaka yangu, mama wa watoto wale waliocheka. Mungu wangu, nikasema, isije ikawa jambo la mwisho nililomfanyia ni kumchekesha kila mtu isipokuwa yeye.

Sikuwa na kitu mkononi ila ndoo. Nilikuwa nimekimbia nayo bila kujua. Nikaimwaga yote kwenye kioo cha mbele, tope, povu, mchanga, na ndoo yenyewe ikafuata.

Akakanyaga breki. Gari likatikisika, likakwama pale pale juu ya ukingo, injini ikazima.

"Wewe mama una wazimu?" Alitoka na kitambaa mkononi, hajui aanze kufuta wapi. "Gari langu! Unajua umefanya nini? Unajua hii ni gari gani?"

Nilinyosha tu mkono kuonyesha chini.

Mkono ulikuwa unatoka pembeni ya gurudumu la mbele. Mweusi wa grisi mpaka kwenye kiwiko. Ukaigusa sakafu, ukapapasa kulia, ukapapasa kushoto, ukarudi palepale mahali pa kandambili ukapapiga mara kadhaa, kama mtu anayetafuta miwani yake kitandani. Mwenye gari aliutazama mkono ule na kitambaa chake kikamdondoka. Mpiga picha alikuwa amefika mbio.

Kisha kikatoka kichwa, tochi imepinda, macho mekundu. Akanitazama mimi, si mwingine. Akachomoa pamba sikioni.

"Wifi," akasema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu ile sufuria, "kandambili zangu ziko wapi?"

Nililia. Nilikaa chini kwenye maji machafu nikalia kama mtoto, huku namtukana, wewe na kandambili zako, na waya wako, na pamba zako, unataka kaka yangu nimwambie nini? Akajivuta nje, akanishika shingoni na ule mkono wake wa grisi akanivuta kwake. Mpiga picha alikwenda mwenyewe nyuma ya pipa, akazileta kwa mikono miwili, akapiga magoti akaziweka mbele ya miguu ya wifi. Hakuna aliyemwambia kitu, na nadhani angependa tungemtukana.

Kaka alipopigiwa simu alitaka mkewe aache kazi. Wifi akamwambia nani ataifanya, yeye? Alipumzika, akanywa maji, akamaliza uvungu wa lile gari mchana huohuo, ufunguo ukiwa umefungwa kwenye khanga yangu. Mimi nikaosha juu upya. Mwenye gari alitutumia picha za maonyesho baadaye: watu wote wameinamisha vichwa kwenye vioo, juu hakuna hata mmoja anayepatazama. Wifi alinionyesha picha hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sheria yetu imeongezewa kitu. Kandambili gurudumuni hazitoshi. Mtu wa chini akiitwa lazima aitike, na pamba atie sikio moja tu.

Kununa hajaacha, asikudanganye mtu. Juzi kaninunia tena, safari hii nilisema nyusi zake alizochora zimepishana njia. Siku nzima sikupata salamu. Kandambili za bluu zilikuwa mahali pake kando ya gurudumu, mswaki umetulia. Nikainama kidogo, kadiri mwili unavyoruhusu.

"Wifi?"

Kimya.

"Wifi!" Sauti ilishaanza kunitetemeka.

"Niko," akajibu kutoka chini. "Na bado nimenuna."