Kutangulia Kwenye Herufi za Kirusi

Mdogo wangu alipopata nafasi ya kwenda kusomea udaktari Urusi, alirudi nyumbani na karatasi moja yenye herufi zao zote. Mwaka wa kwanza huko ni wa lugha tu, na waliochaguliwa walishauriwa waanze alfabeti wakiwa bado huku. Aliibandika ukutani, pale jikoni kwetu Kapsoya, na baada ya hapo sikumwona akiiangalia. Nikimuuliza, mimi dada yake, jibu lilikuwa lile lile: "Siz, hizi herufi zimenishinda." Siku ya kuthibitisha kwamba anaenda ilikuwa inakaribia, naye akaanza kusema kwamba huenda akajiunga na chuo cha hapa hapa Eldoret, asomee chochote kitakachopatikana.

Sisi ni wawili tu. Baba alikufa mapema, mama akafuata nikiwa kidato cha pili, mdogo wangu akiwa hata hajaanza darasa la kwanza. Muhula uliofuata sikurudi shule. Mama alikuwa ameacha mashine ya kufuma sweta, nikaketi mbele yake kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuketi hapo.

Tangu wakati huo tulikuwa na desturi yetu ambayo hatukuwahi kuipa jina. Kitu kikimwogopesha, mimi hutangulia. Alipokataa dawa ya minyoo, nilimeza kijiko changu kwanza ingawa sikuwa na minyoo. Asubuhi za Julai, maji yakiwa ya barafu, nilijimwagia mimi kwanza na kutabasamu huku meno yakigongana. Alipoogopa kuimba kanisani, nilisimama naye mbele nikaimba vibaya kumshinda, watu wakanicheka mimi. Kwa hiyo aliposema herufi zimemshinda, sikufikiria mara mbili. Niliibandua ile karatasi nikaenda nayo kwenye mashine.

Mtu asiyefuma huenda hajui kwamba sweta ikiwa kwenye mashine, upande wa ndani ndio unaomtazama mfumaji. Shule zikitaka herufi za jina lao kifuani, mimi huziona zimegeuka, zinatazama nyuma, mpaka niitoe ile sweta. Nimeziona hivyo miaka mingi, na siku hizi macho yangu huzigeuza yenyewe. Sasa nilipoitazama karatasi ya Kirusi nikaona R iliyogeuka, kisha N iliyogeuka, moyo ukatulia. Nikajiambia, kumbe hawa watu wanaandika kama sweta iliyo mashinani. Hii ni kazi yangu ya kila siku.

Jioni nilimwita, nikamsomea karatasi nzima kwa sauti ya mwalimu mkuu. Kila iliyogeuka niliigeuza, na ile nisiyoifahamu niliipa sauti ya herufi yetu inayofanana nayo.

Alinitazama kwa huruma kidogo, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Kwa wiki kadhaa sikuwa nimemsikia akicheka.

"Aki siz, umeigeuza Urusi yote!"

"Si imegeuka? Hii si R?"

"Hiyo ni 'ya'. Na hiyo unayoiita N ni 'i'. Wacha mambo ya sweta, soma kama mtu."

"Basi nifundishe, mwalimu."

Ndivyo masomo yalivyoanza. Tangu nitoke shuleni hakuna mtu aliyekuwa ameniambia rudia, na nilishangaa jinsi neno hilo lilivyonifurahisha. Mchana nilikuwa naviandika vile vidude kwa chaki kwenye kando ya meza yangu ya kazi, navifuta mteja akiingia. Jioni nilikuwa nasomeshwa huku yeye akipika.

Jioni moja tulifika kwenye herufi mbili ambazo hazina sauti.

"Kama hazina sauti, za nini?" nikauliza.

"Hii inalainisha ile inayoitangulia. Na hii nyingine inazuia isilainike, inabaki ngumu."

"Hiyo ngumu ni shangazi."

Shangazi yetu wa Kapseret, dada yake baba, hana neno laini, na mzaha wa kumhusu haujawahi kukosa kumchekesha mdogo wangu. Safari hii hakucheka. Aliinama kwenye viazi alivyokuwa akimenya. Hapo nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona mapema. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Yeye alikuwa upande wa pili wa jiko, mgongo ukinielekea nusu, na jioni zote hizo alikuwa ananisahihisha bila kuitazama.

"Hizi herufi zilikushinda lini?"

Kisu kikasimama. "Hazikunishinda. Nilizijua wiki ya kwanza."

"Na ukanidanganya kwa nini?"

"Shangazi aliniuliza nikienda, wewe utabaki na nani. Mbele ya watu, tukitoka kanisani. Nikakosa jibu."

Nilikasirika, ila si kwa sababu yake wala ya shangazi. Nilikuwa nimemtangulia mahali ambapo hakuwa na hofu yoyote, na mahali alipoogopa sikuwa nimepaona, kwa sababu palikuwa ni mimi mwenyewe.

"Jibu lipo," nikasema. "Nitabaki peke yangu. Mwambie hivyo."

"Na utakula na nani?"

"Nitakula."

"Na ukigonjeka?"

"Nitakupigia. Si wewe ndiye daktari?"

"Bado, siz."

"Basi nenda ukawe. Mimi sikuacha shule ndiyo uje unitunze. Niliacha ndiyo wewe usiache."

Alimalizia kumenya viazi, akavipika, tukala.

Asubuhi alikuja na simu, ukurasa wa kuthibitisha ukiwa umefunguka. Akaninyooshea. "Nibonyezee wewe."

Niliweka mikono yangu chini ya meza. "Hapana."

Alisubiri. Nadhani alikuwa hajawahi kuniomba jambo kama hilo nikakataa. Niliangalia dirishani ili nisimwone uso, kwa maana ningemwona ningeichukua ile simu. Kisha nikasikia pumzi yake ikitoka, akasema, "Imeenda."

Ameshaondoka sasa. Shangazi huniuliza kama nyumba haijawa kubwa, na mimi humwambia ukweli, kwamba imekuwa. Nikimaliza kula hufungua kitabu kidogo cha wanaoanza, nasoma neno moja moja kwa sauti, na siku nyingine bado naigeuza ile 'ya'. Hakuna anayenisubiri nitangulie. Nasoma kwa kuwa nimegundua napenda kusoma, na nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kujua hilo.