Vitalia Alipoita Watu

Vitalia binti Edina wa Mpepai hajui kuomba. Ngolo, yale mashimo ya kilimo cha milimani, amelima na mama yake tangu utotoni, na kompyuta alijifunza kwa ukaidi ule ule, akijibanza kwenye duka la kuchapa pale Mbinga mjini mpaka mwenye duka akachoka kumfukuza, akampa kazi. Sasa anawaandikia wakulima wa kahawa programu za kupimia mzigo.

Lugha ya kompyuta anayoitumia ni ya bure, ya watu wa dunia nzima. Ina maktaba, na maktaba hizo si nyumba za vitabu. Ni kazi zilizokwisha kufanywa na wengine. Unaziita zije zikusaidie. Kero yake ni moja: kila maktaba uiite kwa mstari wake peke yake, hata kama zote ni ndugu. Ni sawa na kuteka maji ya pipa kwa kikombe.

Aliyelia zaidi na kero hiyo ni Urbani, kijana wa Lituhi ambaye Vitalia alimfundisha kazi pale dukani.

"Dada, haya ni mateso! Si tuziite zote kwa mkupuo?"

"Basi tuwaambie wenyewe," Vitalia akasema.

Akaandika pendekezo: mstari mmoja uweze kuita maktaba nyingi. Akaliweka mtandaoni, mahali wasimamizi wa lugha wanapopokea mawazo. Likakaa huko kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Basi akafanya wanavyofanya Wamatengo shamba likiwazidi: akaita ngokela, watu waje kusaidia kazi kwa pamoja. Mama Edina akapika togwa, na pombe kidogo kwa wenye koo zao. Wenzake wa kompyuta wakaja Mpepai na simu mkononi badala ya majembe. Urbani alikuja na usipa, dagaa wa ziwani kwao, akawa wa kwanza kuandika kwamba pendekezo ni zuri.

"Andikeni vizuri, msinitie aibu," Vitalia akawaambia.

"Kwa togwa hii, dada, tunaandika hata wosia!" mmoja wao akajibu.

Wakacheka, wakaandika.

Kwetu kuitwa ni heshima. Asiyeitwa ndiye wa kuonewa huruma. Wasimamizi wale hawakuliona hivyo. Watu wote hao, siku moja, sifa zile zile! Wakadhani ni mtu mmoja mwenye majina mengi. Mmoja wao akauliza mbele ya wote: "Kero hii mnaijua wenyewe, au mmeitwa tu?" Akaongeza kwamba wadanganyifu watafungiwa akaunti zao.

Vitalia alikuwa shambani. Alipofungua kompyuta alikuta Urbani ameshajibu: "Tuliitwa na Vitalia. Mimi mwenyewe kero hiyo sijawahi kuiona."

Neno la kwanza lilikuwa kweli, wala halikumuuma. La pili lilikuwa uongo. Chini yake wasimamizi walikuwa wameandika kwamba pendekezo limefungwa.

Urbani alipokuja kumwona, Vitalia hakunyanyuka.

"Wangenifungia, dada. Kazi zangu zote zimo mle."

"Na mimi zangu zimo wapi? Chunguni? Ungesema tuliitwa, ukanyamaza."

"Niliogopa. Halafu si kitu kidogo tu, mistari!"

"Kidogo, ndiyo. Ndiyo maana nashangaa ulivyoniuza kwa kidogo hivyo."

Mama Edina alitoka na kiti, akamwona binti yake alivyokaa, akarudi nacho ndani.

Siku hiyo hiyo Vitalia akawaandikia wasimamizi: "Ni kweli niliwaita. Kwetu mtu haingii shamba la mwenzake bila kuitwa. Lakini kero ipo." Msimamizi akajibu kwa adabu kwamba sasa ameelewa, ila lililofungwa halifunguliwi, alilete upya, na ashuhudie mtu aliyepata shida hiyo kweli. Vitalia alicheka peke yake, kicheko kibaya. Shahidi aliyelia na kero hiyo mbele ya watu wote pale dukani alikuwa mmoja tu: Urbani.

Urbani naye alikuwa amesoma jibu hilo. Akaja mbio.

"Dada, safari hii nitasema ukweli wote. Niandike sasa hivi?"

"Nani amekuita?" Vitalia akamuuliza.

Urbani akaona haya, akaondoka. Pendekezo likaingia tena, chini yake jina moja tu, la Vitalia. Mpaka leo halijajibiwa.