Mama Faili na Kitufe cha Ndiyo

Kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu za wagonjwa katika zahanati moja ndogo, na kwa kuwa aliifanya miaka ishirini na miwili, jina lake lilishasahaulika. Daktari, wauguzi, hata mumewe akitaka utani, wote walimwita Mama Faili. Makabati ya karatasi yalipoondolewa na kila kitu kuingizwa kwenye diski nyeusi iliyochomekwa kwenye kompyuta, alikubali kwa shingo upande, kisha akazoea.

Jumatatu moja saa tatu asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni, aliwasha kompyuta asione hata faili moja. Kioo kilisema diski haisomeki. Je, anataka kuifuta na kuiandaa upya? Chini yake, Ndiyo na Hapana.

Muuguzi alichungulia dirishani. "Mama Faili, nitajie dozi ya yule mtoto wa kifafa. Kadi yao imelowa mvua, haisomeki."

"Nipe dakika mbili, mwanangu," alijibu.

Fundi wa zahanati alikuwa safarini na simu yake haipatikani. Aliwahi kumtajia jukwaa moja mtandaoni ambako mafundi husaidia watu bure. Mama Faili akajisajili kwenye simu yake kwa jina hilo hilo la Mama Faili, vidole vikitetemeka, akaandika kwa herufi kubwa tupu: FAILI ZA WAGONJWA HAZIONEKANI. NIFANYEJE?

Majibu hayakukawia.

"Acha kutupigia kelele kwa herufi kubwa."

"Swali hili limeulizwa mara mia. Tafuta kwanza ndipo uulize."

"Nani kampa huyu kompyuta?" Hapo watu kumi na wanne wakaweka alama ya kicheko, aliwahesabu.

Aliona aibu kama aliyevuliwa nguo sokoni, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Akaandika tena, akiomba radhi, akaeleza kile ambacho kioo kiliuliza. Mmoja akamjibu: "Bonyeza Ndiyo, matatizo yako yote yataisha." Mama Faili hakujua kuwa ni mzaha. Akashika kipanya, mshale ukasogea hadi kwenye Ndiyo.

Simu ikalia. Jibu jingine.

"Karibu sana, dada. Usibonyeze Ndiyo, tafadhali. Ukibonyeza, kila kitu kinafutika. Toa mkono kwenye kipanya kwanza, kisha uniambie umetoa."

Aliurudisha mkono haraka kama aliyegusa jiko. Hapo ndipo alipoelewa alichotaka kufanya.

"Nimetoa," aliandika.

"Vizuri. Hujaharibu kitu. Sasa bonyeza Hapana, tutakwenda polepole."

Yule mtu, ambaye hakuwahi kumjua jina wala sura, alimwongoza hatua kwa hatua: zima kompyuta, chomoa diski, tafuta waya mwingine. Mama Faili aliazima waya wa mashine ya daktari. Alipowasha tena, alifumba macho. Alipofumbua, majina yalikuwa yamejipanga kama kawaida, isipokuwa maandishi ya Ijumaa. Hayo hayakurudi kamwe. Ilibidi awapigie simu wagonjwa kumi na mmoja wa siku hiyo, mmoja mmoja, awaulize upya.

Lakini dozi ya mtoto ilikuwepo. Aliisoma mara tatu kabla ya kumtajia muuguzi, kisha akaenda kujifungia chooni, akalia.

Siku ile ile alimwomba daktari diski ya pili ya akiba. Na kule jukwaani hakutoka. Ufundi hakuujua, ila kila akiona mgeni ameandika kwa pupa, humwahi kabla ya wengine: "Karibu. Usibonyeze kitu, mafundi wanakuja." Wapo waliomkejeli. "Wewe mwenyewe unajua nini?" mmoja alimwuliza.

"Najua anavyotetemeka, kaka," alimjibu.

Hata hivyo, kwa miezi mingi kila asubuhi alipowasha ile kompyuta, alisimama nyuma ya kiti, mkono kifuani, hadi jina la kwanza litokeze.